Pluma Hidalgo, Oaxaca: kuutembelea mji wa kahawa wakati kazi ipo

Wageni wengi wanaotua uwanja wa ndege wa Huatulco, kusini mwa Meksiko, huenda moja kwa moja ufukweni. Ukiipa bahari mgongo na kupanda milima ya Sierra Sur, safari isiyofika saa mbili barabara ikiwa nzima, unaingia Pluma Hidalgo: mji mdogo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,300, katika manispaa yenye watu kama elfu tatu wanaoishi hasa kwa kahawa. Hakuna ufuo, hakuna magofu ya kale, na maduka ya vinyago usiyatafute. Anayepanda bila kuijua kalenda ya kahawa hukuta mitaa mitupu na ukungu, akarudi pwani kusema kule hakuna kitu. Cha kutazama Pluma ni kazi, nayo ina miezi yake na saa zake.

Tuanze na miezi. Uchumaji huanza Novemba na kwenda hadi Februari, na mashamba ya juu zaidi hufika Machi. Kama una nafasi ya kuchagua, nenda Januari. Wakati huo buni zinachumwa, zinamenywa na kuanikwa zote kwa pamoja, na mvua imekatika. Disemba nayo ni nzuri ila kuanzia wiki ya Krismasi hadi Mwaka Mpya vyombo vya usafiri hujaa na bei za vyumba pwani hupanda. Kuanzia Mei hadi Oktoba ni masika yao. Mlima hupendeza kwa kijani, lakini udongo huporomoka barabarani, na mara chache kimbunga huja kutoka Pasifiki. Kimbunga Pauline kiliangusha miti ya kivuli na mibuni kwa wingi Oktoba 1997. Agatha kilitua karibu na Puerto Ángel tarehe 30 Mei 2022, kikakata barabara na madaraja ya eneo hili hili. Ukienda miezi ya mvua, acha siku mbili za akiba kabla ya ndege yako ya kurudi. Si woga huo; barabara ikikatika hakuna wa kuifungua kwa sababu wewe una tiketi.

Njia sasa, na hapa ndipo watu wengi hupotea kabla hawajaanza. Jina Huatulco hubeba sehemu zaidi ya moja. Kuna ghuba za kitalii, Bahías de Huatulco, na mji wake wa La Crucecita wenye maduka na benki. Kisha kuna Santa María Huatulco, makao makuu ya manispaa, ulio ndani kuelekea milimani. Njia ya Pluma hupitia Santa María. Uwanja wa ndege uko kando ya barabara kuu namba 200, upande wa kuelekea Santa María, kwa hiyo ukishatua mchana na mizigo yako ni michache, huna haja ya kwenda La Crucecita kwanza, isipokuwa kutoa pesa. Teksi za ndani ya uwanja ni ghali. Ukitoka kwa miguu hadi barabara kuu utapata za bei ya kawaida, nyingine za kuchangia abiria.

Kutoka Santa María kwenda juu, usafiri wa umma ni teksi za kuchangia na pikapu zilizowekwa mabenchi na turubai nyuma, ziitwazo pasajeras. Zinaondoka zikijaa. Asubuhi zipo, mchana hupungua, na jioni usizitegemee. Kabla hujashuka muulize dereva gari la mwisho la kurudi linaondoka saa ngapi, na umwulize tena mwenye duka, kwa sababu majibu hayo mawili mara nyingi hayalingani. Fuata lililo la mapema zaidi. Barabara ni lami yenye kona mfululizo. Anayechefuka aombe kiti cha mbele na asile tortila tano kabla ya kupanda. Kama umekodi gari, yaangalie matuta, topes, ambayo mengine hayana rangi wala kibao, na usiendeshe usiku: ng'ombe, mawe yaliyodondoka na ukungu havikusubiri uvione.

Unaweza pia kupanda kutoka Pochutla, kwa barabara ya 175 kupitia Candelaria Loxicha. Njia hii humfaa anayetoka Puerto Escondido au Mazunte. Anayetoka jiji la Oaxaca asidanganyike na ramani. Barabara mpya ya Barranca Larga hadi Ventanilla ilifunguliwa Februari 2024 na imefupisha sana safari ya Puerto Escondido, kutoka zaidi ya saa sita hadi karibu saa tatu, lakini haipiti karibu na Pluma. Ukiifuata, bado una safari ya pwani hadi Pochutla kisha mlima. Barabara ya zamani ya 175 inakuleta upande wako moja kwa moja, kwa gharama ya tumbo lako.

Jambo jingine la Oaxaca nzima ni kufungwa kwa barabara, bloqueo. Wanakijiji, walimu au madereva wenye madai yao huweka mawe na magari katikati ya njia, pengine kwa saa tatu, pengine siku nzima. Usibishane, usipige picha, usijaribu kupenya na gari. Wenyeji hufanya hivi: hushuka, huvuka kwa miguu kwa salamu, kisha hupanda gari jingine upande wa pili. Ndiyo maana begi la kubeba mgongoni hulishinda sanduku la magurudumu hapa.

Kuhusu viza, neno moja. Mwenye viza hai ya Marekani, Kanada, Uingereza, Japani au nchi za Schengen huingia Meksiko kwa utalii bila kuomba nyingine. Msomaji wa Afrika Mashariki asiye nayo huanzia ubalozi wa Meksiko ulioko Nairobi. Masharti hubadilika, kwa hiyo uliza kabla ya kukata tiketi.

Pesa toa La Crucecita au Pochutla, na uvunje noti za peso 500 huko huko chini. Ukiwa juu, noti za 20, 50 na 100 ndizo zinazofanya kazi. Dereva wa pasajera hana chenji ya 500 na wala hatafuti. Kadi isahau. Laini ya Telcel ndiyo yenye uwezekano mkubwa wa kushika, ila ukiteremka bondeni shambani hakuna mtandao, kwa hiyo pakua ramani mapema.

Sasa shamba lenyewe. Kosa la kawaida ni kufika saa sita mchana na kuondoka saa tisa. Huo ndio muda ambao hakuna linaloonekana: wachumaji wako mbali kwenye miteremko, na mashine ya kumenya imezimwa. Siku ya kahawa ina ncha mbili. Alfajiri watu huingia shambani na vikapu vilivyofungwa kiunoni. Asubuhi jua likitoka, kahawa iliyoanikwa kwenye sakafu ya saruji au kwenye mikeka ya petate hutandazwa na kugeuzwa kwa reki. Mchana ukungu ukipanda kutoka bonde, hukusanywa na kufunikwa upesi. Kuanzia alasiri matunda hushuka, hupimwa, na kumenywa jioni ile ile, maana yakilala na ganda lake huanza kuchacha vibaya. Kwa hiyo lala. Usiku mmoja unatosha kuona duara zima, miwili ni bora.

Baada ya kumenywa, punje zenye ute hulala kwenye tangi zikichacha ili ute ulegee. Muda hutegemea baridi: saa kumi na mbili kukiwa na joto, hata zaidi ya ishirini na nne usiku wa Januari. Mkulima haangalii saa. Hutia mkono tangini, akisugua punje na kusikia zinakwaruza badala ya kuteleza, huosha. Zikipitiliza, kahawa hutoka na ladha ya siki, na hakuna ukaangaji utakaoificha. Kisha huanikwa hadi unyevu wa asilimia 10 hadi 12. Hapo ikiwa bado na ngozi yake kavu huitwa pergamino, na ikishakobolewa huitwa oro.

Yashike maneno hayo mawili, kwani ndiyo huwachanganya wageni kwenye bei. Kipimo cha biashara Meksiko ni kintali. Kintali ya oro ni kilo 46, lakini kintali ya pergamino ni kilo 57.5, kwa kuwa ndiyo inayotoa hizo 46 baada ya kukobolewa. Nyuma yake kuna takriban kilo 245 hadi 250 za matunda mabichi. Ukikaanga, kilo 46 hushuka hadi 38 hivi. Mkulima akikutajia bei ya kintali, uliza kwanza ni ya ipi. Mtu wa Moshi, Mbinga au Nyeri atazielewa hesabu hizi bila kufundishwa, na kwa mtu kama huyo mazungumzo na wenyeji hufunguka haraka. Mwulize mkulima mibuni yake ni ya aina gani.

Jibu litakuwa na historia ndani yake. Aina ya zamani ya hapa, iitwayo Pluma kama mji, ni ya ukoo wa Typica: mirefu, huzaa kidogo, kinywaji chake ni laini na ndicho kilichoupa mji sifa. Tangu 2020 kahawa ya eneo hili inalindwa kisheria kwa jina la asili, Pluma. Tatizo ni kutu ya majani. Ugonjwa huo uliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1861 katika eneo la Ziwa Victoria, ukafika Meksiko 1981, na wimbi la 2012 na 2013 likapukutisha mibuni ya kusini. Wengi waling'oa Typica wakapanda aina zinazostahimili, kama Oro Azteca na Costa Rica 95. Ndiyo sababu mashamba mawili jirani yanaweza kukupa vikombe visivyofanana hata kidogo. Onja vyote viwili kabla ya kununua.

Mibuni hupandwa chini ya miti ya kivuli kwenye miteremko mikali. Vaa viatu vyenye meno, suruali ndefu, na ukivivua usiku vikung'ute asubuhi, nge hupenda giza la ndani. Usiku ni baridi: chukua sweta hata kama umetoka ufukweni unatiririka jasho. Nguo zilizofuliwa hazikauki kwa ukungu, basi fua pwani. Mbu wa dengi wako zaidi chini kuliko juu. Dawa ya kujipaka ianze kutumika tangu Huatulco.

Adabu haitakusumbua ukilelewa kwa salamu. Kila unayepishana naye msalimie, buenos días hadi adhuhuri, buenas tardes baada ya hapo. Mtu mzima huitwa don au doña na jina lake la kwanza. Ukipita penye watu wanaokula, sema provecho. Mnyororo uliovuka njia ya shamba maana yake simama, hata kama ramani inasema ni barabara. Vijiji vingi vya Oaxaca hujiongoza kwa mikutano na mila zao, na mgeni mwenye kamera au droni anatarajiwa kupita kwanza ofisi ya kijiji. Wachumaji wengi hutoka nje ya mji, hulipwa kwa kiasi walichochuma. Kila dakika unayowasimamisha kwa picha inatoka mfukoni mwao. Watoto usiwapige picha kabisa.

Chakula hakina shida: maharagwe, mayai, kuku wa mchuzi, tamale zilizofungwa majani ya mgomba, na tortila za mahindi yaliyochemshwa na chokaa kabla ya kusagwa. Pilipili huja pembeni, onja kwanza. Kahawa ya nyumbani huchemshwa chunguni na mdalasini na sukari guru. Ni tamu, lakini usiitumie kupima ubora wa buni. Maji kunywa ya dumu lililosafishwa, na karatasi ya choo weka kwenye ndoo ya taka, si kwenye sinki la choo. Mabomba ni membamba. Ukitaka matunda, nguo na kelele za soko, Jumatatu ndiyo siku ya gulio la Pochutla.

Kununua: omba iliyokaangwa wiki ile, ikiwa punje nzima. Caracolillo ni buni za punje moja ya mviringo, huuzwa ghali kidogo. Si lazima ziwe bora. Kwenye maduka ya chini soma kifuko, kwani sheria ya Meksiko inaruhusu kahawa kukaangwa pamoja na sukari, na hiyo huwa nyeusi inayong'aa na nzito kifukoni. Unayotaka imeandikwa puro. Kilo mbili tatu za iliyokaangwa hazileti maswali mengi uwanjani. Usibebe mbegu, matunda mabichi wala mche, hata kama mwenyeji wako amekupa kwa moyo mweupe. Tanzania ruhusa iko kwa TPHPA, Kenya kwa KEPHIS, mamlaka za afya ya mimea za nchi hizo, na huombwa kabla ya safari, si ukiwa umesimama na begi mbele ya mkaguzi. Kutu ina aina nyingi, na aina ambayo shamba la kwenu halijaizoea inaweza kusafiri kwenye jani moja lililokunjwa ndani ya daftari.