Listi ya shule za bweni: anza na ile ambayo kweli itamchukua mtoto wako

Tarehe 10 Machi ndio siku shule nyingi za bweni za Marekani zinatoa majibu, karibu zote siku moja, na mwaka wa kwanza binti yangu alipoomba tulikaa wawili mezani na kompyuta moja katikati tukawa tunafungua akaunti moja baada ya nyingine. Ya kwanza hapana. Ya pili hapana. Ya tatu orodha ya kusubiri, ya nne orodha ya kusubiri. Haikufika hata robo saa tukawa tumemaliza. Akafunga kompyuta taratibu akaniuliza, "Mama, kwani hakuna zingine tuliomba?" Nikamwambia hakuna, na ukweli ni kwamba hazikuwepo kwa sababu mimi ndiye niliyesema nne zinatosha. Zile mbili za kusubiri hazikuita mpaka mwaka ukaanza.

Sasa nataka niseme na wazazi wenzangu ambao mwaka huu mnatengeneza listi, maana kosa langu lilikua rahisi sana kufanya na naona watu wengi wanalifanya.

Mtoto alikua na maksi nzuri, walimu wanamsifia, kwa hiyo nikachukua zile shule nne ambazo mtu yeyote akitaja shule za bweni anaanza nazo. Hesabu yangu ilikua hivi: kila moja inachukua pungufu ya watoto wawili kati ya kumi, sasa ukiomba nne si hata moja itaitika? Haiendi hivyo jamani. Wanaoomba shule hizo ni karibu watoto walewale, wenye maksi zilezile na sifa zilezile, na wanaosoma fomu wanatafuta vitu vinavyofanana, kwa hiyo kilichomkosesha mtoto wako nafasi shule ya kwanza kuna uwezekano mkubwa kitamkosesha ya pili na ya tatu. Nne zinazofanana ni kama umeomba moja na nusu.

Halafu hata hiyo namba ya wawili kati ya kumi inadanganya kidogo, kwa sababu shule inajaza vitanda. Vitanda vya wavulana na vya wasichana mbali mbali, na humo humo kuna ndugu wa waliopo tayari, kuna watoto wa waliosoma pale zamani, kuna kocha anayetaka golikipa, kuna okestra inayotaka mpiga ala fulani kwa sababu aliyekuwepo anamaliza mwaka huu. Ukishatoa hao wote, nafasi inayobaki kwa mtoto mzuri wa kawaida ni ndogo kuliko ile asilimia iliyoandikwa kwenye websaiti. Na darasa analoingilia ndio kabisa linabadilisha mambo: darasa la 9, lile la kwanza la high school ya Marekani, ndio mlango mkubwa, la 10 nafasi zinapungua, la 11 ni za kuhesabu. Sisi tulipoomba tena mwaka wa pili binti yangu alikua anaingilia la 10, yani mlango umeshakua mwembamba tayari. (Kuna familia zinaomba mtoto arudie darasa la 9, shule nyingi za bweni zimezoea hilo na wala sio aibu, sisi tulimuuliza akasema hataki na tukaheshimu.)

Kuhusu SSAT, mtihani wa kuombea shule za kibinafsi, nitasema mawili tu. Kwenye mtihani wa ngazi ya juu (Upper Level) alama zinaanzia 1500 mpaka 2400, ila kitu wanachoangalia zaidi ni pasentaili, na watu wanaogopa bure wakiona mtoto ana 65 wakati shuleni kwake ni wa kwanza. Pasentaili inamlinganisha na watoto wengine waliofanya SSAT, na hao wengi wao ni wanaojiandaa kwenda shule za kibinafsi, sio watoto wote wa nchi. Kumpita 65 kati ya 100 wa kundi hilo sio udhaifu, inakuambia tu wapi pa kuomba. La pili, ukijibu vibaya unakatwa robo alama na ukiacha wazi hukatwi, kwa hiyo mfundishe mtoto kuacha asichojua kabisa. Basi. Msitumie mwaka mzima kwenye mtihani mkasahau listi.

Mwaka wa pili tulianzia chini. Hii ndio nataka uishike. Mwaka wa kwanza tulianza na shule ya ndoto tukashuka, tukachoka kabla hatujafika chini, na shule za chini tukawa tunazitaja bila moyo, "na hii nayo weka tu." Mtoto anasikia ile sauti, na afisa udahili naye anaisikia kwenye intavyu. Mwaka wa pili nikachukua karatasi nikachora safu tatu, juu shule za ndoto, katikati za kujaribu, chini za uhakika, na nikakataa kuandika chochote safu ya juu mpaka tupate mbili za chini ambazo binti yangu mwenyewe atasema, nikipelekwa hapa nitafurahi. Ilituchukua karibu mwezi mzima. Hatukua tunaangalia nani maarufu, tulikua tunauliza chakula cha jioni wanakaa na nani, wikiendi bweni linabaki na watoto wangapi au wote wanaondoka kwenda kwao mtoto wako anabaki na wachache kwenye jengo tupu, mwalimu anayelala bweni anawaangalia watoto wangapi. Hilo la wikiendi liulizeni sana. Kuna shule zinajiita za bweni lakini zaidi ya nusu ya watoto ni wa kutwa, Ijumaa jioni wanaondoka, pakikucha Jumamosi hakuna mtu.

Binti yangu anapiga viola, ile ala inayofanana na violini ila kubwa kidogo. Sio bingwa, anaipenda tu. Kuna shule moja ndogo nilikua sijawahi hata kuisikia, tukapiga simu ya video na yule afisa udahili, binti yangu akataja viola, basi yule afisa akasimama akaenda kumwita mwalimu wa muziki aliyekua anapita koridoni, mwalimu akaingia na kikombe cha kahawa mkononi akasema wana wapiga violini tisa na viola mmoja, na huyo mmoja anamaliza mwezi wa sita. Binti yangu alikaa wima kwenye kiti. Sijawahi kumuona anaongea vile na mtu mzima asiyemjua. Tulipokata simu akachukua kalamu mwenyewe akaandika jina la ile shule safu ya chini, akalipigia mstari.

Na hapo nikajua kingine. Mwaka wa kwanza nilimpeleka kwenye intavyu za shule ambazo masomo yote yanaendeshwa kwa kukaa mezani na kujadiliana, ule mtindo ulioanzia Phillips Exeter, moja ya zile shule maarufu, baada ya tajiri Edward Harkness kutoa pesa mwaka 1930, watoto kama 12 wanazunguka meza moja ya duara dufu na mwalimu anasikiliza zaidi ya anavyoongea. Ni mtindo mzuri na siku hizi shule nyingi wanao. Lakini binti yangu ni mtoto anayefikiria kwanza, anaongea dakika kumi baadaye. Sikuwahi kumuuliza kama anataka kusoma hivyo kila siku, kila somo. Nilipomuuliza mwaka wa pili akasema somo la fasihi angependa, hesabu hapana. Jibu la namna hiyo linakufutia shule tatu na kukuletea mbili mpya, na halikugharimu chochote.

Sasa pesa, na hapa naomba usome polepole.

Mwaka wa pili tuliomba shule nane. Mbili za juu, nne za katikati, mbili za uhakika. Moja kati ya zile mbili za uhakika ilikua inachukua zaidi ya nusu ya wanaoomba na maksi za binti yangu zilikua juu ya wastani wao, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi nayo hata kidogo. Machi 10 ikaja, barua inasema hongera, amechaguliwa, ila kwa mwaka huu hatuwezi kumpa msaada wa ada. Maana yake kwetu ni hapana, tena hapana iliyovaa nguo ya ndiyo, na mtoto anaisoma barua nzuri namna ile halafu wewe ndio unapaswa kumwambia hatuendi. Hiyo iliniuma kuliko zile nne za mwaka wa kwanza.

Shule ambayo huwezi kuilipa bila msaada sio shule ya uhakika hata kama inachukua watoto tisa kati ya kumi. Iandike safu ya juu. Shule nyingi zinaangalia kama unahitaji msaada wakati wanaamua wamchukue nani, kwa sababu mfuko wao wa msaada una kikomo, ukiisha umeisha, kwa hiyo mtoto anayeomba msaada anashindana kwenye foleni nyingine ngumu zaidi. Zipo chache zinazosema hazitaangalia uwezo wa familia wakati wa kuchagua, Phillips Exeter walitangaza hivyo mwaka 2021 na Phillips Academy ya Andover walishatangulia miaka mingi kabla, lakini hizo ndio zilezile ambazo kuingia kwenyewe ni kazi. Kwa hiyo piga simu uulize moja kwa moja: kwa darasa hili, wasichana, mna vitanda vingapi mwaka huu, na je, ombi la msaada linaingia kwenye maamuzi au haliingii? Mimi niliogopa kuuliza mwaka wa kwanza nikidhani wataniona maskini. Mwaka wa pili niliuliza zote nane na hakuna hata mmoja aliyenijibu vibaya, mmoja aliniambia wazi kabisa, mama, kwa darasa la 10 mfuko wetu umebaki mdogo, mwambie aombe lakini asitegemee. Nilimshukuru kwa moyo wote.

Na usijifanye unaweza kulipa ukitegemea utakuja kuomba msaada mwaka unaofuata. Shule nyingi zitakuambia msaada unaanza na mtoto anapoingia, baadaye ni ngumu. Weka pia bima ya afya, vitabu, na likizo, kwa sababu mabweni mengi yanafungwa likizo ya Novemba, ya Desemba na ya Machi, na mtoto lazima awe na mahali pa kwenda na nauli ya kufika huko.

Mengine nayapitia haraka. Nane zilitutosha, zaidi ya hapo insha zinaanza kufanana na wasomaji wanajua. Ile sehemu ya mzazi kuandika kuhusu mtoto wake iandike wewe mwenyewe na uandike mtoto uliyenaye, mimi mwaka wa kwanza niliandika sifa tupu, mwaka wa pili nikaandika jinsi anavyorudi jikoni usiku kuniambia alichokua anakifikiria tangu mchana. Mwalimu wa Kiingereza na wa hesabu waombe barua za mapendekezo mapema kabla hawajazidiwa na maombi ya wengine.

Safari hii majibu yalikua hapana tatu, kusubiri mbili, ndiyo tatu, na katika hizo ndiyo mbili zilikua na msaada. Moja ilikua ya katikati, ina jina kuliko ile ya viola, na ndugu zangu karibu wote walisema aende huko. Mnakua na mpaka tarehe 10 Aprili kujibu, tukautumia mwezi wote. Alizitembelea zote mbili siku walizoalika waliochaguliwa. Kwenye ile kubwa alisema walikua wakarimu. Kwenye ile ndogo alirudi usiku ananisimulia chumba cha muziki kinanuka mbao na wamempa funguo ajaribu viola ya shule, wakamwacha peke yake nusu saa. Yuko huko sasa, mwaka wake wa pili.

Kama mtoto wako anaomba mwaka huu, fomu nyingi mwisho ni 15 Januari, lakini nafasi za intavyu zinaanza kujaa Oktoba na Novemba. Chukua karatasi leo, chora safu tatu, anza na ya chini, na kalamu mpe yeye.