Umepita Barranco? Meru bado ina maneno yake

Juzi dada mmoja kaniandikia, anasema ukuta wa Barranco kule Kilimanjaro kaupanda bila shida, sasa mwezi wa nane anataka Mlima Meru, ule wa Arusha, na watu wanamwambia Meru ni kamlima kadogo, atapita tu. Hilo neno kadogo linaniuma mpaka leo. Aliyetupangia safari aliniambia hivyohivyo, halafu wakati wa kurudi nilipokaa chini nikawa nashuka kwa makalio, huyohuyo akawaambia wenzangu kwa sauti kwamba mimi ni wa ofisini. Na nilikuwa natoka Socialist Peak, kilele chenyewe cha Meru, mita 4,566, kwa miguu yangu!

Jamani ugumu na kutisha ni vitu viwili. Barranco ni ngumu kidogo, kama mita 250 za kuparamia, fimbo unazifunga kwenye begi mikono ifanye kazi, lakini mguu karibu kila mahali unapata pa kukaa. Hata lile jiwe la kubusu, unalikumbatia kifua kimegusa mwamba, hatua chache umeshavuka. Na ni mchana, unapanda tu, kushuka ni njia nyingine.

Meru mikono utaihitaji pachache, zaidi kwenye ule mwamba ulioinama ukishapita Rhino Point. Ila mgongo wenyewe wa mlima unafuata ukingo wa kreta, lile shimo la volkano, na upande wa ndani mlima umekatika, ukuta unashuka kama mita 1,500 mpaka kwenye kile kilima cha majivu. Mnatoka Saddle Hut, kambi ya mwisho kabla ya kilele, saa saba au saa nane usiku, unachoona ni mwanga wa tochi na visigino vya aliye mbele yako, unajiona jasiri. Asubuhi sasa mnarudi palepale, jua limewaka, magoti yamechoka, changarawe inateleza chini ya buti na shimo lote unaliona.

Lenana nayo, kile kilele cha Mlima Kenya wanachopanda watembeaji, mita 4,985, mwishoni inatisha lakini kuna ngazi ya chuma na nyaya za kushika. Kwenye mgongo wa Meru, sehemu kubwa unategemea miguu yako.

Kwa hiyo ndugu zangu acheni kuuliza mlima fulani ni mgumu? Ulizeni nikiteleza hapa naishia wapi, na hapo nitakuwa nimechoka kiasi gani. Mwongozaji mwambieni mapema kama urefu unawatisha, wakati wa kushuka akae mbele yenu. Kushuka kwa makalio sio aibu hata kidogo, anayecheka mwache atangulie, mlima haumjui nani ni shujaa na watu wanaumia kwa kuogopa kuchekwa.

Dada yangu nenda, mwezi wa nane ni kiangazi. Ukifika Saddle Hut mchana kabla ukungu haujafunga, mwombe mwongozaji akuonyeshe ule mgongo ukiwa bado unaonekana, uuangalie vizuri, ndo uamue.