Kwa wewe uliyeokoka juzi: anza na neno la kweli

Nilipata kipaimara nikiwa na miaka 14. Nilipofika 23 nilikuwa mhazini wa kwaya, naimba sauti ya pili, na ufunguo wa kanisa ulikuwa unalala kwetu. Ungeniuliza siku zile kama namjua Mungu, ningekutajia ratiba yangu: Jumanne mazoezi, Alhamisi maombi, Ijumaa ya mwisho wa mwezi mkesha. Kazi yake niliifanya. Kuzungumza naye, hapana.

Nakuandikia mapema kwa sababu nawe utapewa kazi mapema. Makanisa yetu yana shughuli nyingi na mikono michache, na mwenye moto mpya haachwi akae. Ukiombwa kupanga viti, panga. Lakini kabla hujazoea, soma 1 Samweli sura ya 3. Samweli alikuwa akimtumikia BWANA, analala hekaluni palipo na sanduku la Mungu, na asubuhi ndiye aliyefungua milango. Mstari wa 7 unasema alikuwa hamjui BWANA bado. Mstari huo uliniuma nilipousoma, maana ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

Mwaka ule nilikuwa nimechukua shilingi 40,000 katika fedha za sare za kwaya. Nilijiambia nitarudisha mwisho wa mwezi. Ikapita miezi minne. Katika miezi hiyo niliomba kuliko wakati mwingine wowote, na maombi yangu yalikuwa mazuri, watu wanaitikia amina mpaka barazani. Yalikuwa na Mungu wa majeshi na makerubi, ila zile 40,000 hazikuwamo. Usiku mmoja niko jikoni peke yangu nachagua mchele, ikanitoka: "Bwana, nimekula hela ya kwaya, na namwogopa mwenyekiti kuliko ninavyokuogopa wewe." Sikuona nuru wala sikusikia sauti. Nililia tu. Lakini nilijua kuna anayesikiliza, kwa sababu siku hiyo ndipo nilipokuwa nimesema kitu.

Kwa hiyo kila siku, kabla ya kuomba chochote, mwambie Mungu jambo moja la kweli ambalo usingependa jirani alisikie. Mwambie kama umechoka. Mwambie kama unamwonea dada yako wivu. Umemkasirikia yeye mwenyewe? Zaburi ya 13 inaanza kwa kumuuliza atamsahau mtu hata lini, na ya 88 inaishia gizani kabisa, bila mstari wa kufariji. Hana, mama yake Samweli, aliomba midomo ikicheza bila sauti hadi kuhani akadhani amelewa, na Mungu alimsikia. Lugha tamu ya mimbarini waachie wanaoiweza.

Neno mlokole, ambalo sasa utaitwa na wengine kwa heshima na wengine kwa kejeli, limetoka Kiganda, katika uamsho wa Afrika Mashariki. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Gahini huko Rwanda, walikutana Namirembe, Kampala, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Hakuna kati yao aliyekuwa mgeni wa kanisa. Moto ulipoenea Rwanda, Uganda, Kenya na Tanganyika, watu walirudisha mali walizoiba, na Waafrika na wamisionari wakaombana msamaha. Jambo hilo waliliita kutembea nuruni, kwa neno la 1 Yohana 1:7. Nawapenda wazee wale kwa sababu kumjua Mungu kwao kulifika mpaka kwenye mali ya watu.

Hata hivyo uwe na busara. Jambo linalomgusa mtu mwingine usilipeleke kwenye kipaza sauti. Mtafute mtu mzima mmoja katika imani, anayejua kunyamaza, umwambie yeye.

Kusoma, anza na Marko. Ina sura 16 tu. Chukua kisa kimoja kwa siku, simu iwe chumba kingine, na ujiulize: huyu Yesu ni mtu wa namna gani? Kisha kaa kimya kidogo.

Itafika wiki utaona kama unaongea na dari. Hapo ndipo wengi hukimbilia kwa nabii awaambie Mungu anasemaje juu yao. Tazama alichofanya kuhani Eli, Samweli alipomjia usiku akidhani ni yeye aliyemwita: alimrudisha mtoto akalale, akamfundisha tu la kujibu akiitwa tena, "Nena, BWANA." Hakumsikilizia. Mchungaji anayekupenda atakurudisha kwenye mkeka wako ukasikilize mwenyewe, na wewe ukubali kurudi hata kama usiku huo hutaitwa.

Mwenyekiti nilimwambia Jumamosi iliyofuata, tukiwa wawili nyuma ya kanisa. Aliniangalia muda mrefu bila kusema neno. Nililipa kwa awamu mbili, uhazini nikaondolewa, na ilikuwa haki. Majuma yale nilikuwa naamka alfajiri namweleza Mungu aibu yangu, namtajia hata watu waliokuwa hawanisalimii. Kwenye kwaya nilibaki. Nikiitwa kuomba mbele ya watu, maombi yangu siku hizi ni mafupi.