Jibu la Gemu: Treni Imekuacha, Madd Dogg Hangoji, Stima Imepotea

Barua za safari hii zimetoka Kisumu, Nakuru, Kakamega na Bungoma, na karibu zote zinahusu Grand Theft Auto: ama San Andreas ya 2004, ama GTA V ya 2013. Tumezifupisha bila kuzigeuza maana.

Mimi ni mtu wa boda na pikipiki naijua, lakini misheni ya treni na Big Smoke kwenye PS2 imenishinda wiki nzima. Treni inaenda, Smoke niliyempakia anapiga risasi hewani, tunashindwa. Kosa liko wapi?
*Mtu wa boda, Kondele, Kisumu*

Unakaa karibu mno, ndugu yetu. Wale Vagos, genge la maadui, wako juu ya paa la behewa, wewe uko chini kwenye kokoto. Ukiikumbatia treni, risasi za Smoke zinaishia ubavuni mwa behewa. Shika upande wa kulia, jitenge kama upana wa barabara ya njia mbili, kisha nenda sambamba na wale watu wenyewe, si nyuma yao. Ukishafika hapo nyoosha mwendo. Smoke hulenga vibaya ukiyumba, kwa hiyo mpe sekunde kadhaa za utulivu kwa kila adui.

Ukiachwa nyuma, sukuma kijiti cha kushoto mbele: CJ, mhusika unayemchezesha, atainama na pikipiki yako ya Sanchez itaongeza kasi kidogo, inayotosha kuziba pengo. Angalia pia reli ya pili, maana kuna treni inayokuja kutoka mbele, na wengi hufia hapo wakidhani wamepata njia tupu. Gemu hii pia huhesabu ustadi wako wa pikipiki. Ustadi ukiwa chini, mgongano mdogo tu unakutupa. Zunguka mji wa Los Santos kwa pikipiki siku mbili tatu za gemu kabla ya kurudi kwa Smoke. Siku nzima ya San Andreas ni dakika 24 za saa yako, kwa hiyo si kazi kubwa. Na ukishawamaliza wote, misheni haijaisha: bado unamrudisha Smoke kwake, polepole.

Nimefika mji wa Las Venturas kwenye San Andreas. Madd Dogg, yule rapa, yuko juu ya jengo, natakiwa nimletee gari lenye maboksi chini yake. Kabla sijafika kwenye gari ameshaanguka. Nimerudia zaidi ya mara thelathini. Je, diski yangu ni mbovu?
*Msomaji, Free Area, Nakuru*

Diski ni nzima. Tunakuuliza swali moja tu, na jibu tunalijua: uliwahi kuingiza chiti (msimbo wa siri wa kubadilisha gemu) ya kuwafanya watu wa mtaani wafanye fujo au wapigane, kisha ukasevu?

Chiti za San Andreas si sawa zote. Ya afya, fulana ya risasi na dola 250,000 haina madhara kwa hadithi. Kwenye PS2 ni R1, R2, L1, X, kushoto, chini, kulia, juu, kushoto, chini, kulia, juu. Kwenye kompyuta unaandika HESOYAM. Hiyo inakupa vitu tu, basi. Chiti za watu wa mtaani ni kitu kingine kabisa. Hizo hubadilisha tabia ya kila mpita njia aliye kwenye gemu, na ukisevu, badiliko linaingia ndani ya faili na kukaa humo. Sasa Madd Dogg, pamoja na umaarufu wake wote, gemu inamhesabu kama mpita njia. Badala ya kusimama akiyumba na kukungoja upange gari, anafuata ile amri ya fujo na kuruka papo hapo. Hata uendeshe vipi, hutamwahi.

Kuandika msimbo uleule tena hakufuti kitu. Dawa ni moja: fungua sevu ya zamani, ya kabla ya chiti. San Andreas ina nafasi 8 za kusevu, na huu ndio ugomvi wetu wa kudumu na wasomaji, kwamba watu wana nafasi 8 na wanatumia moja. Ikiwa nawe ni mmoja wao, pole sana, utaanza upya, kwa sababu misheni hii ni ya lazima katika hadithi. Safari ijayo, ukitaka kuona mji ukiwaka moto, sevu kwanza, ingiza chiti, cheka, halafu zima bila kusevu. Gemu yenyewe hukuonya unapokwenda kusevu ukiwa na chiti. Onyo hilo watu hulipita kwa kubonyeza X bila kusoma.

Ukishapata sevu safi: weka gari chini yake, uwe tayari kwenda mbele na nyuma kidogo kila anapoyumba, na maboksi yawe chini yake, si kichwa cha gari. Akiangukia salama, bado unampeleka hospitali, kwa hiyo usikimbize gari kama matatu ya saa kumi na mbili jioni.

GTA V: nimesikia mtu anaweza kuwa bilionea kwa hisa za Lester. Nimejaribu, nikapata hasara. Pia sina intaneti kwenye PS4, bando ni ghali. Nifanyeje?
*Mwanafunzi wa chuo, Lurambi, Kakamega*

Hasara yako imetokana na mpangilio. Lester, mhusika wa gemu, humpa Franklin, mmoja wa watu watatu unaowachezesha pamoja na Michael na Trevor, kazi tano za kuua watu, na kila kazi hutikisa bei ya hisa. Ya kwanza, ya hotelini, ni lazima uifanye ili hadithi isonge. Nne zilizobaki ziache mpaka umalize wizi mkubwa wa mwisho, The Big Score, ambao humwachia kila mmoja wa wale watatu mamilioni ya dola. Ukizifanya mapema ukiwa na dola elfu ishirini, asilimia ni zilezile lakini ni asilimia za peremende.

Kuhusu intaneti: gemu ina masoko mawili. BAWSAQ haifunguki bila mtandao. LCN hufanya kazi bila mtandao wowote, na bahati nzuri hisa nono kuliko zote ziko huko. Fuata hivi.

Kabla ya kazi ya pili, ya shabaha nyingi, mpitie Michael, kisha Trevor, kisha Franklin, na kila mmoja aweke pesa zake zote kwa Debonaire, DEB, kupitia intaneti ya simu yake. Franklin awe wa mwisho kwa sababu yeye ndiye anayekwenda kazini. Maliza kazi, tazama faida kwenye orodha ya hisa zako, na uza ikifika karibu asilimia 80. Mara moja, wote watatu, nunueni Redwood, RWC, ambayo kazi hiyohiyo imeiangusha. Ingoje kama siku mbili za gemu. Siku ya GTA V ni dakika 48, lakini huna haja ya kukaa macho: Trevor akilala, saa 12 zinapita, Franklin 8, Michael 6. Mlaze Trevor mara nne. Redwood hupanda hadi karibu asilimia 300, maana yake pesa yako imekuwa mara nne.

Kazi ya tatu na ya nne zinategemea BAWSAQ, kwa hiyo wewe zifanye tu zipite. Kabla ya ya tano, ya jengo linalojengwa, wekeni kila kitu GoldCoast, GCD, iliyo LCN, na uzeni kwenye asilimia 80 hivi. Ukianza na dola milioni 20 kwa mtu, Debonaire inakupa 36, Redwood 144, GoldCoast karibu 259. Mwenye mtandao anaongeza juu yake Fruit kabla ya kazi ya tatu, Facade baada yake, na Vapid baada ya ya nne.

Hasara huja kwa njia mbili: kununua baada ya misheni hisa ya kununuliwa kabla, au kungoja sana tamaa ikikuambia itapanda zaidi. Haipandi. Sevu kabla ya kununua na kabla ya kuuza, kwenye nafasi tofauti. (Soko la Hisa la Nairobi halina Lester, tafadhali.)

Nina laptopu ya mtumba, Core i5 ya kizazi cha tatu, RAM 4 GB, grafiki ni Intel HD 4000. Itabeba GTA V?
*Msomaji, Kanduyi, Bungoma*

Itafunguka, lakini kucheza ni hadithi nyingine. Rockstar walipoitoa kwa kompyuta mwaka 2015 waliweka kiwango cha chini cha RAM 4 GB, kadi ya grafiki yenye 1 GB yake mwenyewe, na nafasi ya 65 GB. Intel HD 4000 haina kumbukumbu yake. Inakopa kwenye RAM yako, na Windows nayo inakula hapohapo.

Ukiwa na pesa kidogo, nunua kijiti cha pili cha RAM cha 4 GB, aina ya DDR3, usiuziwe DDR4, haitaingia. Vijiti viwili vinamsaidia Intel kuliko kimoja cha 8 GB, kwa sababu data inapita njia mbili kwa pamoja. Kisha shusha skrini hadi 800 kwa 600, zima MSAA (kulainisha kingo za picha), teremsha idadi ya watu na magari, vivuli na nyasi viwe vya chini kabisa. Usafishe feni pia na kubadilisha ile dawa ya joto kwenye prosesa. Laptopu ikichemka hujipunguza kasi yenyewe, na mtu anailaumu gemu.

Ushauri wetu wa wazi: kwa mashine hiyo cheza San Andreas. Ilitoka ikiomba RAM 256 MB tu. Mausi ikigoma au gemu ikikataa kufunguka, ingia Documents, folda ya GTA San Andreas User Files, ufute faili la gta_sa.set, sevu zako hazitaguswa. Usizime kizuizi cha fremu (idadi ya picha kwa sekunde) kwenye mipangilio. Wengi huzima ili picha iteleze, kisha wanashangaa CJ anaogelea kama aliyefungwa jiwe. Mwendo wa gemu hii umefungwa kwenye fremu.

Stima ilipotea nikicheza kwenye PS4 ya kibanda chetu. Iliporudi inasema sevu imeharibika. Wateja wananidai maendeleo yao.
*Mwenye kibanda cha gemu, Nyalenda, Kisumu*

Stima ikikata wakati kile kiduara kinazunguka chini kulia kwenye skrini, faili linaandikwa nusu. Hilo limekwenda. Ila angalia kama PS4 yenyewe iko sawa: izime kabisa, bonyeza kitufe cha kuwashia bila kuachia mpaka usikie mlio wa pili, kama sekunde saba, unganisha pedi kwa waya na uchague namba 5, Rebuild Database, kwenye menyu itakayotokea. Haifuti gemu wala sevu. Namba 6 na 7 zinafuta kila kitu, usiziguse.

Kwa kibanda, fungulia kila mteja wa kudumu akaunti yake. PS4 hukubali hadi 16, na sevu za mmoja haziwezi kufunika za mwingine. Jumapili jioni nakili sevu kwenye flashi ya FAT32 au exFAT. Waambie wateja watumie Quicksave iliyo kwenye simu ya mhusika wa GTA V badala ya kungoja wafike kitandani. UPS (betri ya akiba) ndogo ya 650 VA hukupa dakika chache, na dakika moja inatosha kusevu.

GTA VI itaingia kwenye PS4 yangu?
*Msomaji, Section 58, Nakuru*

Hapana. Imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series tu.

Mwanangu ana miaka 11 na amepewa GTA V na binamu yake. Kuna namna ya kupunguza ukali wake?
*Mama mzazi, Milimani, Nakuru*

Hakuna, mama. Ulaya imewekewa 18, Marekani 17 na zaidi, na ndani yake kuna misheni ya kumtesa mtu ambayo mchezaji anaifanya kwa mkono wake. Unachoweza ni kufunga mashine: kwenye PS4 ingia Settings, kisha Parental Controls, uweke umri kwenye akaunti yake. Namba ya siri inayokuja na mashine ni 0000, na watoto wote wa Nakuru wanaijua. Ibadilishe siku hiyohiyo.

Ile ndege ya majini, Skimmer, imepotea kwenye San Andreas yangu tangu nisasishe Windows 11. Nimekosea nini?
*Msomaji, Milimani, Kisumu*

Hujakosea. Kwenye Vice City, GTA iliyotangulia San Andreas, Skimmer ilihesabiwa kama boti. San Andreas ikaifanya ndege, lakini mstari wake kwenye faili la magari haukuongezewa vipimo vya magurudumu. Miaka yote gemu ilikuwa ikiokota vipimo vilivyobaki vya gari la mstari wa juu yake, na ikapona kwa bahati. Windows 11 toleo la 24H2 limebadilisha mabaki hayo, ndege ikapotea. Weka SilentPatch, programu ndogo ya kurekebisha makosa ya gemu, kwenye folda ya gemu, uifungue upya, ukaitafute kwenye maji.