Usaili: ukiambiwa "tueleze tatizo la dharura ulilolitatua haraka", jopo linasikiliza nini

Aliyeuliza ni muuguzi aliyepita mchujo wa kuandika, sasa anasubiri usaili wa ana kwa ana kwa nafasi ya kituo cha afya. Swali linalomtisha ni hilo la dharura. Nimekaa upande wa jopo kwenye sekta ya afya, kwa hiyo nitajibu kwa kina kwa kutumia mfano wa friji ya chanjo. Wa fani nyingine nitawagusia chini.

Neno "haraka" kwenye swali hilo linawapoteza wengi. Msailiwa anadhani anapimwa spidi, basi anasimulia jinsi alivyokimbia huku na huko. Jopo linapima mpangilio wa maamuzi: ulizuia nini kisiharibike zaidi, ulijuaje ukubwa wa tatizo, ulimtaarifu nani na saa ngapi, na chanzo ulikitafuta lini. Maksi nyingi ziko kwenye dakika 10 za kwanza za tukio lako. Sasa mtu akitumia nusu ya muda kueleza kituo kiko wapi na kina vitanda vingapi, anafika kwenye hizo dakika 10 mwenyekiti ameshaanza kuangalia saa.

Lenga jibu la dakika 2. Hali ilivyokuwa: sekunde 20, zisizidi. Hatua ulizochukua: dakika 1 na kidogo. Matokeo, kisha ulichofanya lisijirudie: muda uliobaki.

Tuchukue friji. Jibu dhaifu ni hili: "Umeme ulikatika, friji ikaacha kufanya kazi, nikachukua hatua za haraka kwa kushirikiana na wenzangu na tukaokoa chanjo." Halina kosa la lugha, lakini halina kitu cha kupewa maksi. Jibu lenye uzito linakwenda hivi (Fridge-tag ni kifaa kinachorekodi joto la friji, VVM ni alama kwenye chupa ya chanjo inayobadilika rangi kadiri inavyopata joto, na aispaki ni vifuko vya plastiki vya maji ya kugandisha):

"Jumatatu asubuhi kabla ya kliniki nilikuta friji ya chanjo inasoma nyuzi 11, wakati inatakiwa kuwa kati ya 2 na 8. Niliifunga mlango na kubandika karatasi ya USITUMIE ili mwenzangu asitoe chanjo. Nikasoma kumbukumbu ya Fridge-tag kujua joto limepanda tangu lini. Nikampigia mfawidhi, kisha mratibu wa chanjo wa wilaya. Mfawidhi akakubali tukaazime aispaki kituo cha jirani, nikahamishia chanjo kwenye kasha baridi na kipimajoto ndani yake. Nikakagua VVM ya kila chupa, nikatenga zilizopita kiwango na kuziandika. Akina mama niliwaambia kliniki itachelewa na kwa nini. Zilizobaki salama tulizitumia baada ya mratibu kuridhia. Chanzo kilikuwa plagi iliyochomolewa mtu achaji simu, kwa hiyo soketi ile ikatengwa kwa friji pekee, na usomaji wa joto ukawa asubuhi na jioni, hata Jumamosi na Jumapili."

Usilikariri hilo. Liangalie lilivyojengwa, kisha weka tukio lako la kweli, kwa sababu baada yake yanakuja maswali ya kuchimba, na hapo ndipo hadithi za kutunga zinapoanguka. Kwenye jopo la afya karibu kila mara yupo mtu anayeijua kazi. Atauliza hivi:

"Aispaki uliziweka vipi?" Ukisema ulizitoa kwenye friza ukazipanga moja kwa moja pembeni ya chupa, umejikaanga. Barafu iliyotoka friza inaweza kugandisha chanjo za penta (ya pamoja dhidi ya magonjwa matano), pepopunda, nimonia na homa ya ini B, na chanjo hizo zikiganda zimeharibika hata zikiyeyuka tena. Aispaki iliyoganda huachwa nje hadi ukiitikisa usikie maji yanacheza ndani, ndipo inapangwa.

"VVM ilikuonyesha nini?" Mraba wa ndani ukiwa mweupe kuliko duara linalouzunguka, chupa bado iko ndani ya kiwango. Ukifanana rangi na duara, au ukiwa mweusi zaidi, chupa haitumiki. Matone ya polio ndiyo yanayoathirika na joto mapema kuliko nyingine, kwa hiyo taja kwamba ulianza nayo. Ongeza pia kwamba VVM haionyeshi kuganda. Ukihisi chanjo iliganda, kuna jaribio la kutikisa: unalinganisha chupa unayoishuku na nyingine ya aina na bechi hiyohiyo uliyoigandisha kwa makusudi na kuiyeyusha, unaangalia ipi inatuama haraka. Sentensi hiyo moja inalitosha jopo kujua kwamba umeshika chanjo kwa mikono yako.

"Kwa nini ulisoma Fridge-tag kabla ya kutupa?" Kwa sababu nyuzi 11 kwa dakika 40 na nyuzi 11 kwa siku mbili ni matatizo mawili tofauti. Kifaa hicho huonyesha alama ya hatari joto likizidi nyuzi 8 kwa saa 10, au likishuka hadi -0.5 kwa dakika 60. Anayetupa chanjo zote kwa hofu ameleta hasara, anayezitumia zote bila kukagua amehatarisha watoto.

"Ni nani aliyekuruhusu?" Swali hili linaangusha wachapakazi. Wanajisifu kwamba hawakusubiri mtu. Gawa hatua zako mara mbili: zilizo ndani ya mamlaka yako, kama kufunga friji na kuzuia matumizi, ambazo ulizifanya papo hapo, na zinazohitaji kibali, kama kutumia chanjo zilizopata joto, ambazo ulizifanya baada ya kuridhiwa. Kusema tu "nilimpigia bosi" ni upungufu, na kuamua kila kitu peke yako ni hatari. Taja zote mbili kwa mpangilio wake.

Kuhusu "tuli-" na "nili-": wasailiwa wetu wana adabu ya kusema "tulifanya" hata kwa kazi waliyoifanya wenyewe. Jopo haliwezi kuipa timu yako maksi, linakupa wewe. Sema "nili-" kwa ulichofanya na mtaje mwenzako kwa alichofanya. Hakuna kujisifu hapo.

Swali likigeuzwa kuwa "utafanya nini ikiwa...", usirukie jibu. Anza na jambo moja au mawili ambayo ungeyakagua, maana hatua inategemea majibu yake: "Kwanza nitaangalia kama umeme umekatika kituo kizima au ni friji pekee." Ni umeme wa eneo zima? Mlango unabaki umefungwa na unafuata mpango wa dharura wa kituo. Ni friji yenyewe? Unahamisha.

Kwa usiye na ajira ya nyuma, tukio la field au la mafunzo kwa vitendo wodini linakubalika kabisa. Sema wazi ulikuwa mwanafunzi na msimamizi alikuwepo. Mwanafunzi aliyegundua dripu imevimbisha mkono, akaifunga, akamwita muuguzi wa zamu na kuandika kwenye faili, ana jibu zuri kuliko mtu anayedai aliendesha zamu nzima peke yake.

Fani nyingine kwa kifupi. Mhasibu aliyelipa mara mbili: simu benki papo hapo, barua yenye saini zinazotambulika ifuate, na ujue kwamba malipo yakishapita TISS (mfumo wa benki kulipana kwa wakati halisi) hayafutwi, unabaki kuomba ridhaa ya aliyepokea, ndiyo maana dakika zinahesabika. TEHAMA: kwanza jua kama mfumo umelala kwa mtumiaji mmoja au kwa wote, na nini kilibadilishwa mwisho, nakili kumbukumbu za makosa kabla ya kuwasha upya, na angalia kama diski imejaa. Dereva aliyepasukiwa tairi: abiria watoke na kukaa mbali na barabara, pembetatu iwekwe, ndipo ufikirie tairi.

Usichague tukio ambalo dharura ilitokana na wewe kuchelewesha kazi. Usichague pia lile ambalo ili lieleweke lazima umseme vibaya mkuu wako wa zamani, kwani jopo litamwona mtu atakayewasema na wao kesho.

Kwa maandalizi, andika matukio matatu, na kila moja uliandikie saa uliyogundua, kipimo ulichosoma, uliyempigia, kilichookolewa na kilichopotea. Yaseme kwa sauti ukijirekodi kwenye simu. Ukizidi dakika 2, kata mwanzo, hatua usiziguse. Kisha mpe mtu wa fani yako akuulize swali ambalo majopo hulipenda: "Ingekuwaje kama mratibu asingepokea simu?" Jibu lake: ningetuma ujumbe wenye saa na kipimo, ningempigia aliye chini yake au mganga mkuu wa wilaya kupitia mfawidhi, na chanjo zingebaki kwenye kasha baridi, joto likisomwa na kuandikwa, bila hata moja kutumika hadi kibali kipatikane.