Barua ya pili haikuongezei miezi

Jumatatu nimemkuta kijana wetu mpya, hapa kwenye ofisi yetu ya mawakili Kampala, akihesabu kwa vidole. "Mteja alifutiwa leseni na baraza la taaluma yake Februari, akawaandikia wafikirie upya, wakamkatalia Juni. Tuna mpaka Septemba." Nilivuta kiti nikakaa. Hesabu hiyo naijua, mimi ndiye niliyeianzisha.

Basi, wadogo zangu mnaoanza kushika mafaili ya nidhamu na leseni, sikilizeni.

1. Tarehe kwanza, hasira baadaye. Kanuni za mapitio ya mahakama za 2009, yaani za kuiomba mahakama ipitie uamuzi wa chombo cha umma, zinakupa miezi mitatu tangu sababu za maombi zilipojitokeza mara ya kwanza. Mara ya kwanza! Mteja wangu alikuwa muuguzi, mama wa makamo, amefutiwa leseni na baraza moja bila kuitwa wala kuonyeshwa malalamiko. Kesi tamu. Ibara za 28, 42 na 44 za Katiba zote zilikuwa zinanichekea. Nami, badala ya kukimbilia masijala, nikaandika barua ya kuwaomba wafikirie upya. Kurasa sita, Kilatini ndani. Kimya. Nikakumbusha. Kimya tena. Walipojibu mistari miwili kwamba uamuzi unabaki ulivyo, nikaanza kuhesabu kuanzia hapo, nikafungua maombi kwa mbwembwe zote.

Siku ya kusikilizwa, wakili wa upande wa pili hakugusa haki ya kusikilizwa hata kidogo. Alisoma tarehe mbili, akaketi. Jaji akaniuliza kama niliomba kuongezewa muda. Kanuni inaruhusu ukiwa na sababu nzuri, lakini sikuwa nimeomba, kwa kuwa sikujua nimechelewa. Maombi yakatupwa.

Pale koridoni mama akaniuliza, "Kwa hiyo wakili, wamesema nilikosa?" Hakuna aliyesema hivyo. Hakuna hata aliyefika huko. Sikupata jibu, nikamnunulia soda. Soda, jamani! Baadaye nilimwona yule mama soko la Owino, anauza mitumba. Alinisalimia vizuri tu, akanipunguzia bei ya shati. Sijawahi kulivaa.

2. Someni sheria ya taaluma husika. Tangu zile kanuni za mapitio ziliporekebishwa 2019, ukiruka njia za rufaa zilizowekwa na sheria hiyo, mahakama itakurudisha. Lakini njia hiyo iwe imeandikwa kwenye sheria: barua ya kuomba huruma si rufaa, hata uipige mihuri mitano. (Mawakili nao wana njia yao: kutoka Kamati ya Nidhamu ya Baraza la Sheria unakwenda Mahakama Kuu, na siku zake ni chache zaidi.)

3. Hati ya kiapo isiapishwe na bosi wako. Kamishna wa viapo, yaani wakili mwenye ruhusa ya kuapisha watu, haapishi kwenye shauri ambalo yeye ndiye wakili. Mwaka huu nimezirudisha tatu, zote za mtu mmoja, naye anajijua.

4. Cheti chako cha uwakili kinaisha 31 Desemba. Unamtetea mtu wa leseni, na yako je?

5. Mwombe mteja barua ya uamuzi pamoja na bahasha yake, tarehe ya posta iko hapo.

Kijana wa Jumatatu yuko meza ya pili sasa hivi, anaandika maombi ya kuongezewa muda, na kila siku ya kuchelewa anaieleza. Rasimu ya kwanza ilikuwa nzuri. Nimemfutia Kilatini.