Taa nyekundu ya oili kwenye ekskaveta: usikubali msimbo ufutwe tu

Kaka, nimekuelewa: taa ya presha ya oili inawaka, laptopu ya fundi imesoma msimbo wa hitilafu SPN 100 (SPN ni namba inayotaja kitu chenye hitilafu), na fundi anataka aufute msimbo huo ili kazi iendelee. Mkatalie. Akifuta atazima taa tu. Kama presha imeshuka kweli, bearingi za krenki zitaungua.

Zima injini. Mashine ikiwa sehemu tambarare, chomoa kijiti uangalie kiwango cha oili. Kisha muulize fundi namba ya FMI, yaani namba inayoeleza aina ya hitilafu, maana SPN 100 inakutajia presha ya oili ya injini, haisemi ina tatizo gani. FMI 1 ni presha kuwa chini mno; usiwashe hadi sababu ijulikane. FMI 3 au 4 ni volti ya sensa kuzidi au kupungua, mara nyingi waya umechubuka au plagi imeingia maji. Hata hivyo, fungeni geji ya mkono mpime presha yenyewe kabla hujatoa hela ya sensa mpya.

Na hiyo programu ya kuchakachua aliyo nayo fundi kwenye laptopu? Kusoma, asome. Akitaka kuandika upya kompyuta ya injini, mwite fundi wa wakala wa mashine, kwa sababu zoezi likikatika katikati kompyuta inaweza kufa.